Injini kubwa za ndege za mfano: wateja wapo, na kila mruko unagharimu kiasi gani?

Kipanga_Athi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nina karakana Athi River ninayotengenezea jenereta na mashine za kufyekea nyasi, na mwisho wa wiki hurusha ndege za mfano zinazotumia umeme. Sasa kuna mzee mmoja anayehamia ng'ambo ambaye anataka kuniuzia kwa mkupuo injini zake zote ambazo hazijawahi kuwashwa: DLE 55 tatu za petroli (za cc 55), DA-100 moja yenye silinda mbili, na Saito FA-180 mbili za mipigo minne zinazotumia methanoli. Bei anayoitaja ni ya chini kuliko ya dukani, lakini ni fedha ambazo zikilala rafuni karakana itayumba.

Ningependa kujua mambo mawili. La kwanza, je, injini za ukubwa huu bado zinatafutwa, au ni zile bidhaa ambazo kila mtu huzisifia na hakuna anayetoa pesa? La pili, mtu akizirusha kwa bei za huku kwetu, mruko wa dakika kumi unamgharimu kiasi gani kwa petroli, kwa methanoli na kwa umeme? Hesabu nyingi ninazosoma zimefanywa na Wamarekani wanaoletewa kila kipuri mlangoni kesho yake, nami nina shaka kama zinatufaa. Uwanja wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama hilo linabadilisha chochote.

Fundi_Makupa alijibu:

Bwana Kipanga, nianze na petroli kwa sababu ndiyo rahisi kuhesabu. DLE 55 inayozungusha propela ya 22x8 (kipenyo cha inchi 22 na hatua ya inchi 8), ikirushwa na mtu ambaye hakai na mafuta wazi muda wote, hunywa karibu mililita 30 kwa dakika, kwa hiyo mruko wako wa dakika kumi utakula mililita 300. Tukichukua petroli kwa Sh180 lita, hiyo ni Sh54. Oili ya mipigo miwili, ukichanganya sehemu moja kwa arobaini, ni mililita saba na nusu tu, na hata ukinunua oili nzuri ya Sh1,500 kwa lita unaongeza kama Sh11. Mruko mzima haufiki Sh70.

Ndiyo maana nasema mafuta si gharama ya kuhofia. Fedha huishia kwenye propela. Ndege ya mita mbili na ushei ikitua vibaya ikainamisha pua, propela ya mbao imekwenda, na ya nyuzi za kaboni ndiyo inayouma zaidi kwa sababu bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mbao. Propela yenyewe si ghali sana huko inakotengenezwa, ila boksi lake lina urefu wa zaidi ya nusu mita na wasafirishaji hutoza kwa ukubwa wa boksi, si kwa uzito peke yake. Ukiagiza moja moja, nauli inaweza kupita bei ya kitu chenyewe. Agiza kadhaa kwa pamoja, au shirikianeni watu watatu wanne wa uwanja mmoja.

Upande wa matengenezo wewe una bahati ambayo wengi hawana. Kabureta ya injini hizi ni ya Walbro, yenye viwambo, jamii ileile unayoifungua kila siku kwenye mashine za nyasi, na mara nyingi seti ya viwambo na gasketi utaipata kwa wauzaji wako wa kawaida. Hata historia yake inaonyesha undugu huo: Zenoah G62 ya Kijapani, ambayo wazee wengi wa mchezo huu walianza nayo, ilitoka kwa watengenezaji wa mashine za kufyekea na misumeno, ikabaki na magneto yake, kifaa cha kuzalisha cheche kisichohitaji betri. DLE na DA zinatumia moduli ya cheche inayolishwa na betri ndogo, na hiyo ni gharama ya ziada usiyoizoea. Plagi pia ni ndogo, NGK CM6, wala usitegemee kuipata kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Weka mbili tatu za akiba.

Kuhusu mwinuko: hewa ya mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya hapa pwani kwa takriban asilimia 14, na injini hupoteza nguvu karibu kiasi hicho. Ile DLE inayotangazwa kuwa na nguvu farasi 5.5 itakupa kama 4.7. Wakati huohuo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi, kwa hiyo funga sindano ya kabureta yenye herufi H kwa hatua ndogo zisizozidi moja ya nane ya mzunguko, kisha irushe, ishushe, toa plagi uitazame. Ikiwa ya kahawia, uko sawa. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, endelea kufunga. Ikiwa nyeupe, fungua haraka kabla pistoni haijakwaruzika. Na siku utakayoileta ndege hiyo Mombasa usiwashe kabla hujairudisha sindano mahali pake, maana huku hewa ni nzito na injini itakosa mafuta.

Bi_Altona alijibu:

Naandika kutoka Hamburg, ambako mume wangu na mimi ni wanachama wa chama cha urushaji, kwa hiyo nitasema habari za soko la huku, ninyi mtapima mnachoweza kuchukua.

Injini ndogo zimekwisha. Hilo halina ubishi. Karibu ndege zote za hadi mita moja na nusu zimehamia umeme, na vijana wengi hawajawahi kushika plagi. Lakini ukipanda hadi kwenye ndege kubwa, zile ambazo Wamarekani wa IMAA, chama cha warushaji wa ndege kubwa za mfano, huziita kubwa kwa kigezo cha mabawa ya inchi 80 kwa ndege ya bawa moja na inchi 60 kwa ya mabawa mawili, petroli bado inashika sehemu nzuri. Kuna watu wa sarakasi wanaotumia cc 100 na kuendelea, na kuna wanaotengeneza nakala za ndege za kale na kutaka mlio wa kweli, ambao hawaoni shida kununua injini ya Moki 250 ya silinda tano kwa bei ya gari lililotumika.

Kundi linalonunua kwa utulivu zaidi, nalo husahaulika, ni la wavuta glaida, yaani ndege zisizo na injini. Ujerumani mchezo wa kuvuta glaida za mfano kwa ndege nyingine ya mfano una wafuasi wengi sana, na ndege ya kuvuta hupanda na kushuka mchana kutwa. Ukiwa na petroli unajaza tangi kwa dakika moja na kuendelea. Ukiwa na betri unahitaji seti nyingi na jenereta ya kuchajia. Hapo hesabu ya mafuta inashinda waziwazi.

Methanoli ni habari nyingine. Tangu tarehe 1 Februari 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1148 inamzuia raia wa kawaida kununua mafuta yenye nitromethani (nitro, kemikali ya kuongeza nguvu) inayozidi asilimia 16 bila kibali, kwa kuwa kemikali hiyo imewekwa katika kundi la viambato vya vilipuzi. Injini za mipigo minne zinaweza kufanya kazi kwa nitro kidogo, hata bila nitro, lakini masharti hayo pamoja na bei viliwachosha watu. Saito wenyewe wanatengeneza matoleo ya petroli yenye majina yanayoanza na FG, na mnunuzi wa leo huyakimbilia hayo. FA-180 ni injini nzuri, iliyotengenezwa kwa ustadi, lakini huku hata ikiwa mpya inauzwa kwa bei ya huruma.

Kelele pia ni gharama. Viwanja vingi vya huku vina kiwango cha sauti kisichozidiwa, na saelensa kubwa ya kopo pamoja na bomba lake huongeza fedha na uzito. Sijui kama majirani zenu wa Athi wamefikia hatua ya kulalamika.

Mkemia_Thika alijibu:

Naongezea la methanoli kwa upande wa Kenya. Wauzaji wa kemikali hawaiuzi kiholela, na wana sababu. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na tangu hapo mtu binafsi anayeuliza lita ishirini huulizwa maswali mengi kabla ya kujibiwa. Kwa hiyo hata kama bei yake kwa lita si ya kutisha, upatikanaji wake ndio mtihani.

Kisha iangalie hesabu yenyewe. Kilo moja ya methanoli ina nishati isiyofika nusu ya ile iliyo ndani ya kilo ya petroli, ndiyo sababu injini ya cc 30 ya methanoli hunywa karibu sawa na ya cc 55 ya petroli. Isitoshe, mafuta yake huhitaji oili ya asilimia 18 hivi. Katika mililita 300 hiyo ni mililita 54 za oili, mara saba ya zile saba na nusu alizozitaja Fundi, na haiwi oili ya duka la pikipiki bali ile maalumu inayoyeyuka ndani ya methanoli, wengine wakiongezea mafuta ya mbarika kidogo. Oili hiyo peke yake yaweza kugharimu kuliko petroli yote ya mruko wa DLE.

Moto wa methanoli hauonekani mchana. Asiyejua hilo asiachiwe galoni.

Kipanga_Athi aliandika:

Nawashukuru sana. Saito nimeanza kuzitoa moyoni. Mzee muuzaji, hata hivyo, ana hoja moja anayoirudia: kwamba wapima ardhi na watu wa ramani wanahitaji injini za petroli kwa ndege zao zisizo na rubani, na kwamba hao ndio watakaonunua DLE zote tatu. Je, kuna ukweli? Na umeme hamjauhesabu.

Ramani_Dodoma alijibu:

Ndugu Kipanga, kazi yangu ni upimaji, nami ningekuomba usinunue kitu chochote kwa kutegemea sisi. Zamani kidogo ilikuwepo hamu ya ndege za petroli kwa maeneo makubwa, na hadi leo watengenezaji wa injini hizi huuza matoleo maalumu kwa ndege zisizo na rubani. Lakini mpimaji wa kawaida siku hizi ana ndege ya umeme inayopaa wima na kuruka kwa bawa, haina mtetemo wa kutia ukungu kwenye picha, na inakaa ndani ya sanduku moja. Anayehitaji saa nyingi angani hununua mfumo mzima wenye dhamana, hatafuti injini mpya ya mtu binafsi. Isitoshe, vibali ni vizito pande zote mbili za mpaka, na mteja wa aina hiyo hataki kubahatisha. Hata China, kuanzia tarehe 1 Septemba 2023, iliweka udhibiti wa kuuza nje baadhi ya injini za ndege zisizo na rubani zenye nguvu endelevu inayozidi kilowati 16. DLE 55 iko mbali sana chini ya hapo, ila jambo hilo linaonyesha soko hili linatazamwa kwa jicho gani.

Sasa umeme. Ndege ya daraja la cc 55 hutumia jozi ya betri za mAh 5,000 zilizounganishwa kuwa seli 12, yaani volti 44.4, ambazo kwa pamoja ni saa-wati 222. Kuzichaji, hata ukihesabu upotevu, hakufiki robo ya uniti. Kwa uniti ya Sh30 ni chini ya Sh8. Hapo ndipo wengi husimama na kutangaza ushindi. Lakini tuseme jozi ya betri hizo imekufikia kwa Sh26,000 na ikadumu miruko 200: kila mruko umebeba Sh130 za betri, na mruko wenyewe ni wa dakika saba hivi, si kumi. Ukitaka kuruka mara tano kwa mchana unahitaji jozi tatu au nne. Pia betri za litiamu zinazosafirishwa peke yake zilipigwa marufuku kama mzigo ndani ya ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016, na ndani ya ndege za mizigo hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji, hivyo njia za kuzileta ni chache na hazina huruma. Zikikaa zimejaa kwenye joto la Dodoma miezi miwili, hizo miruko 200 hazifiki.

Fundi_Makupa alijibu:

Ramani amemaliza la umeme. Nirudi kwenye swali la kwanza, kwa sababu Bwana Kipanga bado hajaambiwa anunue nini.

Mteja wa hapa kwetu hanunui injini, ananunua ndege inayoruka. Fremu ya mita mbili na robo, sevo (mota ndogo za kusogeza usukani) zenye nguvu za kutosha, redio na betri zake kwa pamoja hupita bei ya DLE 55, na aliyekwama kwenye hayo hana haja na injini yako. Ningechukua DLE mbili: moja uifunge kwenye ndege yako mwenyewe watu waione na kuisikia, ya pili uiuze siku mtu atakapokuja na fremu iliyo tayari. Mapato ya uhakika zaidi yatakuwa kusafisha kabureta na kubadilisha beringi za injini ambazo wenzako wamezitelekeza stoo.

DA-100 ichukue ikiwa tu bei yake inavutia peke yake. Hapa hutapata mnunuzi kwa haraka, lakini nje ina heshima, kwa kuwa mtengenezaji wake, Desert Aircraft wa Tucson, anaendelea kuihudumia. Hiyo usiiwashe kwa ajili ya kuijaribu. Injini isiyowahi kutiwa petroli husafirishwa kama kipande cha chuma. Ikishanusa mafuta inaweza kuhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na msafirishaji atakudai karatasi na fedha za ziada. Zungusha shafti kwa mkono usikie mgandamizo kwenye silinda zote mbili na kama beringi zina mkwaruzo. Ukijaribu cheche, hakikisha plagi zimo ndani ya kofia zake na zimegusa chuma cha injini, kwa sababu moduli ikipiga cheche hewani bila kupata pa kupitia huungua, na hiyo moduli ni kipuri cha bei kubwa. Mzee akikukataza kufanya hata hayo, mpunguzie bei au mwache aondoke nayo.