MySQL (databesi) ya duka yanilemea, nishushe peji kutoka 16KB hadi 4KB?

mwana_kongowea: Salaam wazee. Nna MySQL ya duka la jumla huku Kongowea, mchele, unga, mafuta. Jedwali la mauzo lishapita rekodi milioni mbili na kila nikitafuta risiti kwa namba ya simu nangoja sekunde tisa, mteja kasimama kaunta aniangalia tu mpaka naona haya. Mashine ina ram 8GB na SSD. Nimesoma kuwa InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, yatumia peji (kipande cha data kisomwacho kwa mkupuo) ya 16KB na SSD yapenda 4KB, sasa nataka nibadilishe innodb_page_size leo usiku tukifunga. Kuna aliyefanya?

fundi_majengo: Bro usiiguse. Hiyo yawekwa mara moja tu databesi ikianzishwa, ukiibadilisha kwa my.cnf (faili la mipangilio) seva itakataa kuwaka. Yabidi utoe data yote na mysqldump, uanzishe folda mpya, urudishe upya, na stima zetu hizi ikatike katikati... mie sisemi kitu. Tena kwa peji ya 4KB ufunguo wa indeksi (orodha ya kutafutia haraka) mwisho wake baiti 768, ukiwa na indeksi ya VARCHAR(255) ya utf8mb4, herufi moja hadi baiti 4, hiyo ni 1020, yagoma palepale.

bi_data: Peji ni kama sinia, hata ukitaka hamri moja waletewa sinia zima. Peji ndogo yasaidia pale unapoandika vijirekodi vingi huku na huku, maana ukigusa rekodi moja mwishowe peji nzima yaandikwa, tena mara mbili kwa sababu ya doublewrite (nakala ya tahadhari). Duka moja halifiki huko. Wewe naona waletewa masinia yote ya jikoni, sasa kupunguza ukubwa wa sinia kwakufaa nini? Postgres, databesi nyingine, iko 8KB, na watu wanaishi nayo. Hebu weka EXPLAIN hapa tuone MySQL yatafutaje, na buffer pool (ram ya kuweka peji) ni ngapi?

mwana_kongowea: type ALL, key NULL, yaani yasoma jedwali zima bila indeksi 🙈 buffer pool 134217728

bi_data: Ndo 128MB hiyo, haijaguswa tangu uinstoli! Weka indeksi kwa safu ya simu.

mwana_kongowea: Wallahi nimeweka sasa hivi, risiti yatoka kabla sijainua kidole kwa Enter. Na buffer pool niweke ngapi, mashine hiyohiyo ndo ya kaunta?

fundi_majengo: 4GB yatosha, amri ya SET GLOBAL tu bila kuzima seva, halafu iandike kwa my.cnf usije ukasahau. Na nunua UPS.