Kreti za chupa, makopo au bia ya pipa? Nataka kikao cha Jumamosi kisiniachie jalala uani

Baba_Bunju
Wakuu, habari za jioni. Zamu ya kikao cha kundi letu imenifikia, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Safari hii nataka takataka ziwe kidogo. Nimebaki na njia tatu: bia na soda za chupa za kurudisha, au makopo tu kwa kila kitu, au bia ya pipa, nikodi na mashine yake. Sahani na vikombe sijaamua. Mwenye uzoefu anisaidie, nalipia Jumatatu.

Segerea_Mwisho
Mkuu umeuliza kama mtu anayetaka kujua nauli bila kusema anakwenda wapi. Watu wangapi? Wanywaji wangapi? Una gari la kubebea kreti? Depo liko umbali gani na kwako?

Shangazi_Goba
Na watoto wapo? Usijibu "wachache". Watoto ndio wanaomaliza vikombe. Mmoja anakunywa juisi nusu, anakiweka chini, anakwenda kuruka kamba, akirudi anachukua kingine. Nimewahi kuhesabu vikombe vitano kwa mtoto mmoja, tena wangu.

Kreti_Tupu
Naweka kiti hapa. Ila jibu ni chupa, hata kabla hujataja idadi.

Baba_Bunju
Samahani wakuu, niliandika nikiwa kwenye foleni. Watu 40 hivi, humo watoto 12. Ni Bunju, ndani ndani, barabara ya vumbi. Gari ni dogo, kreti nne zinaingia nikilaza viti. Bajeti siisemi, mke wangu anasoma humu.

Kreti_Tupu
Sasa tuongee. Chupa ya bia unayorudisha depo inaoshwa, inakaguliwa na kujazwa tena, mara ishirini na zaidi kabla haijasagwa. Mfumo huu tumeukuta kwa baba zetu na hakuna aliyeuita mazingira. Ulikuwa unatumwa dukani na chupa tupu mkononi, huna chupa huuziwi. Basi. Soda nazo chukua za chupa, kreti la 24, achana na zile za plastiki. Ukimaliza, nyumbani kwako hakibaki kitu zaidi ya vizibo.

Angalizo moja: hiyo ni chupa ya KURUDISHA. Konyagi, wiski na mvinyo wa Dodoma chupa zake hazirudi popote. Chupa ya kioo ya kutumika mara moja ni hasara kuliko kopo, maana ni nzito kubeba na kuyeyusha kioo kunataka moto mkali sana.

Mama_Skrepa
Umemaliza kwa kukiri mwenyewe. Mimi nanunua skrepa Tabata, nasema ninachokiona kwenye mizani. Kopo la bia halilali barabarani. Liache usiku, asubuhi halipo. Makopo sabini na kitu ndiyo kilo moja, na kijana aliyeyakusanya anajua bei ya leo kuliko mimi. Kuyeyusha kopo lililotumika kunakula kama asilimia 5 tu ya nguvu inayohitajika kutengeneza alumini mpya. Mwanya wangu wa biashara ndio huo. Chupa yenu ya Konyagi hata nikiwekewa mlangoni bure sipokei.

Baba Bunju, nunua makopo, weka gunia moja kwenye mwembe, mpe kijana wa mtaani. Umemaliza.

Kreti_Tupu
Kopo jipya la kwanza limetoka wapi, dada? Limeota?

Mama_Skrepa
Na chupa yako ya kwanza ilizaliwa?

Segerea_Mwisho
Ngoja niwaambie jambo la chupa, kwa sababu Kreti Tupu anaongea kama hajawahi kurudisha kreti hata moja.

Mwaka juzi tulikuwa na kipaimara cha binti yetu. Nikachukua kreti 14 za bia na 6 za soda, nikaacha hela ya chupa na kreti zake, fedha ya kutosha tu, nikawaza Jumatatu narudisha chupa, hela hiyo inamlipa mwenye viti. Shughuli ikaenda vizuri. Saa nne usiku shemeji yangu akaja na kreti mbili zake za kampuni nyingine, kwa nia njema kabisa, akaziunganisha na zetu. Giza, muziki, vijana wanachomeka chupa popote penye tundu.

Asubuhi naamka kuhesabu. Kwanza, chupa 31 hazipo. Nikadhani wezi. Kumbe mama mkubwa aliyetoka Tanga ameziweka kwenye mfuko wa salfeti, ameshazisuuza, anasema hizi zinafaa kwa asali na samli. Utamwambia nini mama mkubwa? Nikanyamaza. Pili, watoto walikuwa wanashindana kufungua soda kwa kugonga kwenye ukingo wa baraza, shingo za chupa zimemeguka. Tatu, kreti zangu zina chupa za kampuni mbili, kahawia na kijani, kama bendera.

Nafika depo, yule kijana anapitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa. Kila chupa! Iliyomeguka anaiweka pembeni. Ya kampuni nyingine anaiweka pembeni. Kreti lenye mpini uliopasuka, pembeni. Nilikaa pale tangu saa tatu mpaka saa saba, jua la Dar mnalijua, nachambua chupa kwa rangi kama mtu anayechagua mchele. Nikarudishiwa nusu ya hela yangu na upungufu kidogo. Nyingine wakasema nirudi na risiti, na risiti alikuwa nayo shemeji, na shemeji amesharudi Mwanza.

Chupa ni nzuri. Ila weka MTU wa kreti. Asinywe. Kazi yake usiku kucha ni kusimama pale na kupokea chupa tupu.

Shangazi_Goba
Mama mkubwa amenifurahisha. Huyo ndiye mwanamazingira pekee kwenye shughuli nzima.

Fundi_Friji
Hakuna aliyegusa pipa. Nimefunga hizo mashine miaka saba. Pipa la lita 30 ni sawa na chupa 60 za nusu lita, likiisha chuma kinarudi kiwandani, kinaoshwa, hakuna kizibo wala karatasi. Kwa takataka hakuna kinacholifikia. LAKINI: linataka mtungi wa gesi, linataka barafu au umeme, na barabara ya vumbi ya Bunju italitikisa mpaka likifika linatoa povu saa nzima. Ukilitoboa uwe na watu wa kulimaliza. Halafu ukileta pipa umeleta vikombe. Ukiweka vya plastiki umefanya kazi bure.

Baba_Bunju
Umeme kwetu wiki hii unakatika jioni. Pipa naliondoa.

Tajiri_Mtarajiwa
Nyama mtachoma na nini? Mnahangaika na vizibo huku gunia zima la mkaa linateketea. Misitu ya Pwani na Morogoro inaishia kwenye majiko ya Dar.

Segerea_Mwisho
Nilijua tu. Achome kwa gesi sasa? Nyama ya gesi ni nyama iliyochemshwa ikasahauliwa.

Tajiri_Mtarajiwa
Kuna mkaa mbadala. Wa vifuu, wa pumba, na ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaitwa Rafiki Briquettes. Serikali yenyewe imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Fundi_Friji
Rafiki Briquettes inatengenezwa kwa makaa ya mawe, mkuu. Inaokoa mti, sawa, ila moshi wake kwenye hewa ni mjadala mwingine. Wa vifuu ndio unaoeleweka. Unakawia kushika, washa nusu saa kabla, lakini ukishika unakaa. Mimi huchomea mbuzi mzima.

Tajiri_Mtarajiwa
Mbuzi mzima kwa vifuu? Picha.

Fundi_Friji
Njoo ule, picha haishibishi.

Shangazi_Goba
Mnabishana kuhusu bia na mkaa, mimi narudi kwenye nilichosema mwanzo. Nimepikia shughuli kwa miaka mingi. Asubuhi ukifagia uwanja, bia si tatizo. Unachofagia ni chupa za maji za nusu lita zilizonywewa funda mbili, vikombe, mirija, na vile vibakuli vyeupe. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukashangilia, tukahamia kwenye vikombe.

Fanya hivi. Maji: chukua yale madumu ya lita 18.9 na pampu yake ya kubonyeza. Dumu moja ni chupa 37 za nusu lita, na dumu linarudi dukani. Kwa watu wako matatu yanatosha. Glasi na sahani kodi kwa watu wa vyombo, zinakuja kwenye kreti zimehesabiwa. Ikivunjika unalipa, ndiyo, lakini watoto wape vikombe vya bati, kila kimoja funga uzi wa rangi yake. Nyekundu ya Asha, kijani ya Juma. Mtoto anakilinda kikombe chake kama simu. Na beseni mbili za kuoshea, moja ya sabuni, moja ya kusuuza, chini ya bomba.

Mama_Skrepa
Nani anaosha?

Shangazi_Goba
Wanaokunywa.

Mama_Skrepa
Dada, umewahi kuona mwanaume wa kikao cha Jumamosi akiosha glasi? Ataosha mke wa Baba Bunju, saa sita usiku, na kesho ana kanisa. Hayo mazingira yenu kila mara yanaishia mikononi mwa mwanamke mmoja.

Baba_Bunju
Hapo umegusa. Nieleze ukweli sasa. Kikao kilichopita kilikuwa hapa hapa kwangu, nilimpokelea zamu rafiki yangu. Tulitoa mifuko minne ya taka. Gari la taka halikupita wiki mbili. Nikaichoma nyuma ya nyumba, plastiki na kila kitu. Moshi ukaingia kwa jirani, ana mtoto mwenye pumu. Hakunigombeza, alikuja tu akasimama kwenye ua akiwa amembeba. Ndiyo maana nauliza. Mke wangu ndiye aliyesema safari hii mimi nipange na mimi nisafishe.

Segerea_Mwisho
Ungeanza na hilo mkuu tusingezunguka.

Dada_Kibosho
Nimechelewa ila nashangaa uzi mzima hakuna aliyetaja mbege. Ndizi, ulezi, maji. Hakuna chupa, kopo wala kizibo. Inakaa kwenye ndoo, mnakunywa kwa kata, machicha anakula ng'ombe.

Kreti_Tupu
Kata moja watu 40?

Dada_Kibosho
Babu yako alikunywa kwa nini?

Tajiri_Mtarajiwa
Kwa watu wa Iringa ni ulanzi. Mwanzi unagemwa, kesho unagemwa tena.

Dada_Kibosho
Ulanzi mpaka usubiri mvua. Mbege mwaka mzima. Baba Bunju, nina shangazi anapika, anaweza kukutumia madumu mawili kwa basi, yanafika Ijumaa usiku.

Fundi_Friji
Msifunge kifuniko mpaka mwisho! Mbege bado inachacha njiani. Niliwahi kukaa kwenye basi chini ya dumu la namna hiyo, tulipofika Korogwe likafumuka. Abiria mzima nimelowa, nanukia kama kilabu, na nilikuwa nakwenda kwenye usaili wa kazi.

Segerea_Mwisho
Ukaipata?

Fundi_Friji
Nafunga mafriji, unadhani?

Baba_Bunju
Wakuu, kwa hiyo Jumatatu nalipia nini? Chupa au makopo?

Kreti_Tupu
Chupa.

Mama_Skrepa
Makopo. Na gunia nitakuja kulichukua mwenyewe.

Dada_Kibosho
Kwanza sema nani anakwenda kupokea madumu pale stendi ya Magufuli, shangazi anataka jina na namba leo.