Mjadala: Masomo ya sekondari Marekani yaanze saa moja au saa mbili na nusu?

Mwenzetu aliyetangulia ameandika kwamba kuchelewesha masomo ya sekondari katika vitongoji vya Marekani ni kuwadekeza vijana, na kwamba dawa ni kuwanyang'anya simu walale mapema. La simu sina ubishi nalo. La usingizi naona anamwonea kijana, kwa sababu mtoto akishabalehe homoni inayoleta usingizi huchelewa kwa saa moja hadi mbili, na hata ukimzimia taa mapema atabaki akigaagaa kitandani.

Jambo hili si geni. Edina, kitongoji cha Minneapolis, kilisogeza mwanzo wa masomo kutoka saa 1:20 hadi saa 2:30 asubuhi tangu mwaka 1996. Seattle ilipochelewesha kwa karibu saa nzima mwaka 2016, watafiti waliwavisha wanafunzi vipimo vya mkononi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku. Kwa hiyo dai la wapinzani kwamba masomo yakichelewa vijana watazidi tu kukesha halikusimama. California imeweka saa 2:30 kisheria tangu Julai 2022, ingawa wilaya za mashambani zimesamehewa.

Sisi tuliozoea kwamba saa moja asubuhi ni kweupe, tukumbuke kwamba Minneapolis mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 1:45. Kijana wa saa 1:20 husubiri basi gizani, kofia ya koti imemfunika hadi kwenye nyusi, kipande cha mkate mkononi, na anaingia darasa la hesabu kabla hajaliona jua.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, ni mabasi wala si nidhamu. Basi lile lile la manjano huwapeleka wa sekondari kwanza, kisha hurudi kuwachukua wadogo, na ukiwasogeza wakubwa bila kununua mabasi na kuajiri madereva, watakaosimama gizani ni watoto wa miaka sita. Florida ilitunga sheria kama ya California mwaka 2023, wilaya zikalalamikia gharama, na mwaka 2025, kabla haijaanza kutumika, zikaruhusiwa kutoifuata. Kwa hiyo bodi ya elimu inayosema vijana ni wavivu ingeanza kwa kutuonyesha hesabu ya mabasi.

Hata hivyo iko hoja moja ya upande wa pili ambayo sijaweza kuijibu. Katika familia nyingi za wahamiaji, zikiwemo za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, mama hufanya kazi ya zamu, na mtoto mkubwa ndiye anayempokea mdogo wake kutoka shule. Ratiba ikigeuzwa, mdogo atashuka kwenye basi saa nane na nusu mchana ilhali kaka yake bado yumo darasani kwa saa nzima zaidi. Ufunguo wa nyumba ashike nani?