Nimeambiwa nichore kitabu cha katuni kurasa 64, laki tatu yote. Nikubali?

mchoraji_ngambo

Assalaam alaykum jamani. Mie nipo Unguja mjini, mchana nnachora picha za tingatinga, zile za kuuzia watalii, za duka moja la Mji Mkongwe, twiga na tembo, tembo na twiga, mpaka mkono unakwenda wenyewe. Usiku ndo nachora vyangu, katuni, nnaziweka status watu wanacheka. Sasa kuna bwana mmoja kaziona, ana hadithi yake kaandika, kisa cha wavuvi na majini wa baharini, nzuri tu sikatai, anataka iwe kitabu cha katuni kurasa 64 za rangi. Anasema atanipa laki tatu kazi ikisha, halafu kikiuzika "tutaangaliana". Kitabu chake, wahusika wake, mie mchoraji tu. Nikimuuliza tutauza wapi anasema tuchore kwanza.

Rafiki yangu ananambia waachilie mbali hao, chora chako, toa fotokopi, uza mwenyewe. Mwenyewe vipi? Sijawahi kuprinti hata kipeperushi. Karatasi gani, duka gani litanipokea, na si ndo ntakosa na hiyo laki tatu? Na kazi hii kuna mtu hapa anakula nayo kweli au sote tunajifurahisha?

kalamu_na_wino

Waalaykum salaam. Yakhe hebu piga hesabu kabla hujashika penseli. Laki tatu gawa kwa 64 unapata kama 4,700 kwa ukurasa. Ukurasa wa rangi una kupanga viboksi, penseli, wino, rangi, maneno, ukiwa na mkono mwepesi tuseme siku mbili, hizo siku 128, miezi minne na ushei, na hapo hujaumwa, umeme haujakatika, Ramadhani haijaingia na yule mwenye duka wa twiga hajakwambia leta ishirini kesho.

Lakini udogo wa pesa si unaonikera, watu wanaanza na kidogo. Linalonikera ni hilo la "wahusika wake". Jini wa kwenye hadithi yake ni maneno tu, ile sura, yale macho, kile kilemba alichovaa utakitoa weye kichwani mwako. Angalia Superman, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, wawili kama nyie, 1938 waliuza kila kitu kwa dola 130. Wenye kampuni walitajirika, wao wakazeeka wanapelekana mahakamani.

Na hapa kwetu sheria ipo, watu hawaijui tu. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003 na ina COSOZA, ofisi yake ya hakimiliki. Hakimiliki si jambo la Muungano kwa hiyo COSOTA ya bara ni nyengine na sheria yao nyengine, usije ukaambiwa nenda Dar. Haki yako inaanza pale pale unapochora, hungoji muhuri wa mtu. Ila ukishatia saini kwamba umeuza, umeuza, usije tena hapa kutulilia.

mtoto_wa_chake

Mie napingana na kalamu kidogo. Maneno ya Superman matamu lakini huyu kijana hana hata kitabu kimoja mkononi, nani anamjua? Kufanya kazi na mwandishi kuna faida yake, wachoraji wengi wanachora vizuri ila hadithi inakufa ukurasa wa tatu. Usimkatae moja kwa moja. Mwambie kurasa 64 hapana, tufanye 12, sura ya kwanza tu, nyeusi na nyeupe, na hizo 12 azilipe, nusu mbele nusu ukikabidhi. Akikataa ujue hata yeye hadithi yake haiamini. Akikubali mtajuana tabia, kama analipa kwa wakati, kama kila ukimpelekea ukurasa anataka jini awe mnene sasa, jini awe mwembamba, jini awe na ndevu. Mambo hayo bora uyaone kwenye ukurasa wa 5 kuliko wa 50.

Halafu ukija kuchora chako tafadhali sana usituletee tena jitu la misuli linaruka juu ya maghorofa. Maghorofa yapi, Michenzani? Huku Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, dume limetolewa uwanjani, kijana anamchezea na kitambaa, kinamama wanaimba, watu wanakimbilia juu ya miti, kuna mzee kaanguka na baskeli yake. Ukurasa mzima huo hauhitaji hata neno. Mie mwenyewe ningechora ila nikichora ng'ombe watu wananiuliza huyu mbwa wa nani.

printi_kkoo

Salaam kutoka Dar, mi niko kwenye uchapishaji na hivi vijitabu vidogo vya watu binafsi napokea sana, wengine hawarudi mara ya pili kwa sababu walikuja na rangi. Rangi ndo inawamaliza. Wale kasa Teenage Mutant Ninja Turtles mnaowaona kwenye mabegi ya watoto walianza 1984, jamaa wawili wa Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird, kijitabu cheusi na cheupe walichojichapishia wenyewe kwa hela ya kuungaunga, nakala kama 3,000 tu. Sisemi utakuwa wao, nasema rangi sio lazima.

Sasa hesabu za mtaani. Kijitabu cha A5 ni A4 imekunjwa katikati, kila karatasi inabeba kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa zako lazima igawanyike kwa nne. Ukileta 18 mbili zitatoka tupu na utanigombeza mimi. Chukua 16 za ndani, hizo ni karatasi 4 tu pande 8, tuseme fotokopi ya mtaani kwako ni mia kwa upande, 800. Jalada karatasi nzito kidogo tuseme 500. Kimoja kimekutoka 1,300, vitabu 50 ni elfu sitini na tano. Muuzie mteja 3,000, mwenye duka achukue asilimia 30, kwako inabaki 2,100. Ukiuza 31 hela yako imerudi, vile 19 vya mwisho ndo faida, karibu elfu arobaini. Sio mshahara hiyo, ila hudaiwi na mtu na kitabu ni chako, vikiisha unatoa vingine 50 kwa faili lilelile.

Michoro ya mistari myeusi iskani kwa dpi 600 (dpi ndo ukali wa picha), ya rangi 300 inatosha. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono usilete, inatoka kijivu kichafu. Acha pambizo pande zote maana mashine ya fotokopi haifiki ukingoni, ukienda kwenye mashine kubwa yenye kukata ndo uongeze milimita 3 za mchoro nje ya mstari wa kukatia. Kama huna kompyuta Ibis Paint kwenye simu inafanya kazi, kama unayo Krita ni ya bure kabisa.

Na maneno jamani! Watu wanaandika kwenye simu huku wanakuza kwa vidole, karatasi haikuzwi. Printi ukurasa mmoja kwa saizi yake halisi umpe mama asome bila miwani. Tena andika maneno kwanza ndo uchore kiputo kuyazunguka, ukianza na kiputo halafu mhusika anataka kusema "hatutakusubirini" utalikata vipande vitatu mpaka msomaji asahau alipoanzia.

bi_mkunazini

Mwanangu mchoraji, mimi nina kiduka kidogo cha kadi na michoro huku mjini kwa hiyo nakwambia ninachokiona mlangoni kwangu. Mtalii hasomi Kiswahili, anakishika kijitabu, anakifungua, anacheka, anakirudisha. Mtoto wetu wa skuli anakisoma chote kasimama hapo hapo dukani lakini elfu tatu hana. Ndo maana lile la mtoto wa Chake la ukurasa usio na neno mimi nimelipenda kuliko yote yaliyosemwa hapa. Katuni isiyo na maneno inauzika pande zote mbili. Ukitaka maneno basi toa mbili, ya Kiswahili ya karatasi nyepesi uwauzie wa nyumbani bei ya chini, na nyengine ya wageni jalada zuri, bei nyengine.

Na hakuna aliyekutajia kurasa zenyewe za asili, zile ulizochora kwa mkono wako. Kitabu kinauzwa elfu tatu, ukurasa wa asili ukiutia fremu mgeni anautolea bei ya mchoro, si bei ya kitabu. Weye unachora tingatinga, unaijua bei ya fremu. Kwa hiyo kwenye karatasi yenu ya makubaliano na huyo bwana andika wazi kwamba kurasa za asili zinabaki kwako, yeye anapata faili. Jack Kirby, mchoraji wa katuni wa Marekani, na ukubwa wake wote miaka ya 1980 alikuwa bado anavutana na kampuni ya Marvel wamrudishie michoro yake mwenyewe. Andika pia jina lako liwe juu ya jalada pamoja na lake, masahihisho ya bure ni mara moja au mbili si zaidi, na yeye ana ruhusa ya kitabu hichi tu, si fulana wala vikombe wala filamu, akitaka hayo mkae tena. Hiyo "tutaangaliana" aigeuze asilimia na aeleze ya nini, ya mauzo au ya faida, kwa sababu faida mtu anaweza kukwambia haijapatikana mpaka ukafa.

Umeuliza kama kuna anayekula nayo. Katuni peke yake, mimi sijamuona hapa kisiwani. Ninaowaona wanachanganya, wanachora vitabu vya skuli, mabango ya afya ya asasi, ukuta wa hoteli, na katuni yao inaingia katikati. Vijitabu vyako viwe tayari kabla ya matamasha, la muziki Sauti za Busara mwezi wa pili na la filamu ZIFF katikati ya mwaka, Ngome Kongwe ikijaa watu hata kiduka changu kinapumua.

kalamu_na_wino

Bi umemaliza. Ila la bila maneno mie sikubali yote, tukitoa maneno kila mara ili mgeni afurahi basi tumerudi kwenye twiga. Watu wetu wanapenda maneno, wanapenda mafumbo, mtu ananunua kanga kwa ajili ya jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa, atashindwa katuni? Kile cha ng'ombe kiwe bila maneno, kinachofata tupe ugomvi wa majirani wa Kiswahili chetu tucheke.

mchoraji_ngambo

Nawashukuru sana, Mungu awape kheri. Nshamwandikia yule bwana: kurasa 12, nyeusi na nyeupe, elfu 15 kwa ukurasa, nusu mbele, kurasa za asili zangu. Kajibu "ntafikiri", nkampa mpaka mwisho wa mwezi. Wakati anafikiri mie nishaanza ng'ombe, kurasa 16. Mtoto wa Chake nitumie picha za uwanja hasa vile watu wanavyokaa, ng'ombe nnamuweza.

Swali la mwisho kwa printi, kubana pale katikati kwenye mkunjo nafanyaje? Stepla yangu fupi haifiki.

printi_kkoo

Ifungue stepla iwe imenyooka, weka chini kipande cha boksi nene, kitabu juu yake kimefunguka jalada likikutazama, bonyeza pini mbili kwenye mstari wa mkunjo. Geuza, chomoa boksi taratibu, miguu ya pini ikunje kwa mgongo wa kijiko. Vitabu 50 jioni moja unamaliza, ila vya kwanza viwili vitatu vitatoka kombo, hivyo wape marafiki.