Tupeane uzoefu: ulipokuwa gizani kabisa, imani ilikushikaje?

Baba Wawili
Wakuu habari za usiku. Tupeane uzoefu, ila ombi moja, usinibandikie Yeremia 29:11 (ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi") ukaondoka. Mwaka aliofariki mke wangu nilitumiwa huo mstari mpaka nikiona simu imewaka naigeuza kifudifudi. Mstari hauna kosa, tatizo wengi waliokuwa wanautuma hawakuwahi kufika kwangu.

Nianze mimi. Nilibaki na watoto wawili, mmoja la pili mwingine chekechea. Kusali nikashindwa, nafungua mdomo hakitoki kitu. Kanisani naenda kwa ajili ya watoto tu, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango ili ikifika baraka niwe nimeshatoka maana zile pole za nje zilikuwa zinanichosha. Sasa kuna mama mmoja wa jumuiya yetu (sisi ni KKKT, Walutheri) akaanza kuja kila Ijumaa jioni. Hahubiri. Anauliza tu "sare ziko wapi", anakaa uani na beseni anafua, zile soksi nyeupe anazisugua na sabuni ya mche mpaka kisigino kinarudi rangi yake, anaanika, anaaga. Miezi saba! Siku moja nikamuuliza mama mbona huniombei, akasema "naomba nikiwa nafua". Asee nililia kuliko siku ya msiba.

Baadaye ndo nikakutana na Zaburi 88. Zaburi nyingi za kilio huko mwishoni zinageuka kuwa sifa, hii haigeuki, inaishia gizani kabisa. Ila jamaa kaianza "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu", yaani analalamika mwanzo mwisho lakini anamlalamikia Mungu mwenyewe, hajamsusa. Nikasema kumbe na hii ni sala, basi hata mimi nasali. Nikaanzia hapo.

Karibuni.

Mama Njiti
Pole sana kaka. Mimi mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia moja. Wiki sita wodini nimemfunga kifuani na kitenge ngozi kwa ngozi, ile wanaita kangaruu, usiku hulali unasikilizia kama anapumua. Sala ndefu sikuwa nazo, akivuta pumzi nasema Bwana, akitoa nasema asante, basi. Kitanda cha pili yake mwenzangu naye alikuwa anasali hivyo hivyo na wa kwake hakupona, kwa hiyo mtu akiniambia wewe ulikuwa na imani kubwa huwa namwambia aache. Yule dada ndo aliniletea uji kesho yake. Yeye, aliyefiwa! Wangu yupo darasa la kwanza sasa hivi, yule dada namwita mama yake wa pili.

Kinyozi
Mimi langu ni sonona. Mtumishi mmoja, simtaji, aliniambia nitupe dawa kwa sababu ni roho chafu, nikatupa, nikarudi chini vibaya mno. Aliyeniokoa ni katekista wetu mzee, alinifungulia 1 Wafalme 19, Eliya kalala chini ya mretemu anaomba afe. Akaniuliza malaika alimwambia nini? Nikadhani ni unabii. Kumbe "Inuka, ule". Mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala tena, ndo safari ikaendelea. Hakukemewa pepo wala nini. Mzee akanipandisha daladala akanirudisha kliniki yeye mwenyewe, nauli yake. Dawa nanywa, misa naenda, na sioni vinagombana wapi.

Wa Huku Kenya
Hamjambo. Mamangu tulimzika 2020 wakati wa korona, makanisa yamefungwa, mazishini tuliruhusiwa watu 15 pekee na haraka haraka. Mama aliyeimba kwaya miaka yote hiyo, azikwe kimya? Niliskia uchungu hata nikamkasirikia Mungu. Sasa tukiteremsha jeneza nikaskia sauti, kuangalia hivi, wanakwaya wenzake wamepanga laini kule nje kwa barabara, kila mtu mbali na mwenzake, na maski, wanaimba. Hawakuingia boma. Walimaliza nyimbo tatu wakapunga mikono wakaenda. Siwezi eleza, lakini ile hasira iliisha hapo.

Mtu wa Shaka
Na sisi tusioamini tunaruhusiwa kuchangia? Maana hapa naona binadamu wamesaidiana tu, Mungu simuoni.

Baba Wawili
Unaruhusiwa mkuu. Yule mama ukimuuliza atakwambia ametumwa. Mimi nilimuamini yeye kwanza, Mungu akafuatia.

Mkesha
Kwa Wakatoliki wenzangu, mnaujua mkesha wa Pasaka, taa zote zinazimwa, tunasimama nje tunasubiri moto. Mwaka niliofilisika, mkopo umenimaliza, nyumba imekwenda, nilisimama pale sina hata hela ya mshumaa. Padri akaimba "Mwanga wa Kristo", tukaitika "Tumshukuru Mungu", moto ukaanza kupita mtu kwa mtu. Mtoto wa jirani yangu, kama miaka tisa hivi, akauvunja mshumaa wake katikati akanipa kipande. Kifupi hicho, nta inaniunguza vidole hatujafika hata nusu ya ile mbiu ya Pasaka. Madeni hayakufutika, mpaka leo nalipa. Ila kile kipande ninacho kabatini.

Mgeni77
Nimesoma zote. Mimi bado sijatoka. Sijui kama nitatoka.

Baba Wawili
Asante kwa kusema mkuu. Umekula leo?

Mgeni77
Chai tu asubuhi.

Kinyozi
Upo mkoa gani? Nicheki pembeni sasa hivi, nipo macho.