Gemu la malori: niiboreshe hii Dell ya ofisini au niiuze niongezee laptopu?

gia_ya_kumi

Wakuu kwema? Naombeni mawazo kabla sijatoa hela maana ikishatoka hairudi.

Mi ni mlevi wa Euro Truck Simulator 2 (ETS2), hilo ndo gemu langu, la mpira sina habari nalo na GTA nilicheza nikachoka. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, sio ile ya mnara, ni ile nyembamba ya kulaza chini ya monita. Prosesa i5-3470, ramu GB 4 kijiti kimoja, diski GB 500 ya kuzunguka, kadi ya grafiki haina inatumia ile ya ndani. Niliichukua used, inaonekana ilikuwa ya ofisi huko Ulaya maana mpaka leo ina stika ya namba ya mali ubavuni. Kazi zangu za kuchapa na kuprinti inapiga fresh tu.

Sasa kwenye gemu. Barabara kuu nje ya mji inaenda, sio vizuri ila inaenda. Nikikaribia mji inaanza kukwamakwama, vioo vya pembeni nimezima vyote, na usiku mvua ikinyesha ndo usiseme. Juzi nimetoka Rotterdam na mzigo wa vifaa vya umeme, naingia Duisburg ikaganda sekunde mbili tatu, ilivyozinduka tela liko juu ya kingo za barabara na gari ndogo iko chini ya bampa. Faini, mzigo umeharibika, malipo nusu. Nikazima kompyuta nikaenda kulala.

Bajeti yangu laki 4 na nusu, nikijikaza sana laki 5. Nimeulizia Kariakoo wameniambia kadi ya GT 1030 laki na 70. Kuna jamaa mtandaoni anauza 1050 Ti ya GB 4 kwa laki na 60, ina feni mbili, inaonekana mpya kabisa. Na kuna mwingine ana laptopu ya gemu used anataka laki 9, anasema niuze hii Dell nijazie. Nifanye lipi? Mama watoto anajua hii hela ni ya kompyuta ya kazi kwahiyo nina nafasi moja tu.

Kaka_Joystick

Nunua PS4 mkuu uache kuteseka, hela yako inatosha na chenji inabaki

gia_ya_kumi

Hilo gemu PS4 halipo mkuu ndo shida

Kaka_Joystick

Basi badilisha gemu 😂

fundi_wa_Msamvu

Mkuu gia, tulia kwanza usinunue kitu. Hiyo mashine naijua, zimepita nyingi mikononi mwangu. i5-3470 grafiki yake ya ndani ni HD 2500, kwenye kizazi kile hiyo ndo ya chini, HD 4000 walipewa i7 na i5 chache. Halafu haina ramu yake yenyewe, inachota kwenye hizohizo GB 4 ambazo Windows imeshajichukulia yake na gemu nalo linataka. Na kijiti kikiwa kimoja ramu inapita njia moja wakati bodi ina njia mbili, kwahiyo grafiki ya ndani inaumia mara mbili, kidogo na polepole.

Nachotaka ufanye leo usiku, fungua gemu, toka nje ya mji ingia mjini, halafu tumia Alt na Tab utoke uangalie Task Manager pale kwenye Performance. Tuletee namba nne: prosesa, ramu, diski na GPU (yaani grafiki). Angalia haswa ule muda inapokwama. Watu wengi humu wanakimbilia kadi kumbe kinachowakaba ni diski, kadi inakuja inakaa inasubiri.

Hao wa laki 9 waache kwanza. Laptopu ya gemu used unanunua na historia ya moto wa mwenzio, hujui ilichezewa juu ya godoro miaka mingapi, feni zimejaa vumbi, betri imekufa. Zipo nzuri sikatai ila uwe unajua kufungua ukaangalia mwenyewe.

Njuguna_wa_Pixels

Niko Nairobi lakini hii story naijua. Mimi nasema tofauti na fundi, mniwie radhi. Prosesa ya kizazi cha 3 kama hiyo imezeeka, hata ukiweka kadi bado unabaki na mashine ambayo Windows 11 haiikubali, wao wanataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Na Windows 10 support ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025. Steam, lile duka la magemu mtandaoni, nao walishaacha Windows 7 na 8 tangu Januari 2024, watu wengi walifungiwa nje hivyohivyo. Si afadhali auze hiyo yote, aongeze kidogo, achukue mnara wa i5-8500 ex-UK? Huku kwetu ukizunguka Moi Avenue na Luthuli na uwe mtu wa kubargain unapata, na mnara unaingiza kadi ya urefu wowote. Kwa hiyo ndogo unaanza kuhesabu milimita.

Na ETS2 inapenda prosesa mkae mkijua. Injini yao ni ya zamani, gemu lilitoka 2012, kazi kubwa inabebwa na koa moja ya prosesa. Unaweza kuwa na kadi ya maana na bado pale kwa traffic ya mji fremu (picha kwa sekunde) zinashuka.

fundi_wa_Msamvu

@Njuguna_wa_Pixels hapo kwenye koa moja uko sahihi kabisa na ndo maana namwambia apime. Ila huo mnara wa kizazi cha 8 kwa hapa Tanzania ukiwa mzima hauingii kwenye laki 5, na hapo bado hauna kadi, atarudi kwenye grafiki ya ndani tena. Ya ndani ya kizazi cha 8 ni nzuri kuliko HD 2500 mara nyingi tu, ila akipata kadi ndogo ya kawaida kwenye 7010 yake ataipita.

Suala la Windows, ETS2 ina toleo lake la Linux, rasmi kabisa, sio la kuungaunga. Siku Steam wakiitupa Windows 10 anaweka Linux anaendelea kuendesha. Na akishika hela siku nyingine kadi anaihamishia mashine mpya, na SSD (diski isiyozunguka) pia akiwa ameiweka. Ramu tu ndo itabaki maana ni DDR3, aina ya zamani.

Kabla hajaja mtu kumshauri aweke i7-3770: inaingia kwenye soketi hiyohiyo, ndiyo, ila kwa gemu hili ni kupoteza hela. i5 yake ikijikaza inafika GHz 3.6, hiyo i7 inafika 3.9. Zile nyuzi 8 za i7 gemu halitazitumia.

Dada_wa_Skania

Jamani mbona hakuna aliyesema kuhusu hiyo 1050 Ti ya laki na 60!! Feni mbili, mpya, bei chini ya GT 1030 ya dukani karibu, mkuu gia akili haikustuki?

Muombe picha ya mgongo wa kadi, pale zinapochomekwa waya za monita. Ukiona tundu la VGA, lile la bluu la pini 15, kimbia. Nvidia kizazi cha 1050 Ti walishaondoa VGA, kadi ya kweli ina HDMI, DisplayPort na DVI isiyopitisha VGA. Hizo feki ni kadi za zamani sana, GTS 450 au GTX 550 Ti za mwaka 2010 na 2011, wamezibadilisha jina ndani kwa ndani. Ukichomeka Windows yenyewe inakuandikia 1050 Ti bila aibu, unafurahi, unafungua gemu ndo unaona maajabu. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, ipakue uende nayo kwenye flashi, ikigundua inaandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa ujaribishe kadi mbele yake basi ameshakujibu.

Na hata ingekuwa halali haiingii humo! Kasha lako ni la kulaza, linataka kadi fupi, loprofaili. 1050 Ti fupi zipo ila nyingi ni nene, zinachukua nafasi ya kadi mbili. Pima kwanza.

Hiyo GT 1030 nayo uliza swali moja, ramu yake ni GDDR5 au DDR4? Jina moja, boksi karibu sawa, ila Nvidia 2018 walileta ya DDR4 na hiyo ni kituko. Ya GDDR5 inasukuma GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 GB 16.8. Muuzaji mwingine hajui hata yeye, kwahiyo soma boksi mwenyewe, usimsikilize.

gia_ya_kumi

Dada umeniokoa, picha nimeomba na tundu la bluu lipo limekaa pale linaniangalia. Nimemuuliza akasema hiyo ni toleo la China lina kila kitu. Nimemblock.

Fundi namba hizi hapa. Naingia Duisburg tena, setingi zote chini, skelingi (ukubwa wa picha inayochorwa) asilimia 100:

prosesa 50 hadi 60
ramu 94
diski 100, inakaa 100 muda wote wa kukwama halafu inashuka
GPU 98 hadi 100 muda wote hata porini

Nina na modi (nyongeza ya gemu) ya basi moja na ProMods, ile ramani ya ziada, nilikuwa nimeiweka, sijui kama inahusika.

fundi_wa_Msamvu

ProMods kwa ramu GB 4??? Mkuu una roho ngumu aisee. Ile ramani ni kubwa, ondoa kwanza.

Haya sasa picha imeeleweka. Una magonjwa mawili na yanatibiwa tofauti. Porini GPU iko 100, hiyo ndo sababu fremu ni chache muda wote, hiyo dawa yake ni kadi. Kule kuganda ukiingia mji ni ramu na diski: gemu linaita majengo na magari ya mji, ramu imejaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski huku gemu linasoma kwenye diski hiyohiyo, na diski ya kuzunguka ina sindano moja tu inakimbia huku na huku. Ungenunua kadi peke yake ungepata picha nzuri porini na Duisburg ungegonga vilevile.

Kwahiyo utaratibu: ramu mbili za GB 4 zinazofanana, uache hicho cha zamani pembeni, au GB 8 mbili ukipata bei nzuri. DDR3 ndefu za dezktopu, sio fupi za laptopu, na usiuziwe za seva, zinafanana kwa macho ila haitawaka. SSD ya GB 240 au 256 ya SATA, ile ya inchi mbili na nusu, usipelekwe kwenye zile za M.2 maana bodi yako haina tundu lake. Windows na gemu zikae kwenye SSD, zile GB 500 ziwe stoo. Hapo hujamaliza hata nusu ya hela.

Kadi: pawasapulai yako ni wati 240 na haina waya wa kadi, kwahiyo kadi iwe inakula umeme wa kwenye bodi tu. GT 1030 ya GDDR5 inakula wati 30, inakaa vizuri. Ila mi ningekuwa wewe ningetafuta Quadro P620. Ni kadi za kompyuta za wachoraji, zinakuja used, wacheza gemu hawazitaki kwahiyo bei inashuka. Nyembamba, fupi, wati 40, GB 2 za GDDR5, na ina nguvu kuliko 1030. Kwa ETS2 inatosha, utawasha na vioo.

Njuguna_wa_Pixels

Sawa, kwa hizo namba nakubali, disk 100 ni disk. Lakini bado nasema kwa mnara wa kizazi cha 8, ukipata siku moja.

Kitu ingine, vioo. Kila kioo ni picha inachorwa upya, vikiwa vyote vimewashwa gemu inachora barabara mara kadhaa kwa fremu moja. Washa viwili vikubwa tu, vya chini viache. Vivuli weka chini. Skelingi usipite 100, wale mnaona YouTube picha imenyooka wamepandisha mpaka 300 au 400.

Kaka_Joystick

Na GTA 6 hiyo P620 itaweza?

Dada_wa_Skania

😂😂 GTA 6 wametangaza PS5 na Xbox mpya tu, ya kompyuta hawajasema. Toka kwenye uzi wa madereva

gia_ya_kumi

Nimetoa ProMods na modi ya basi, ramu imeshuka mpaka 86 na kuganda kumepungua kabla sijanunua chochote. Nimepata ramu GB 4 mbili na SSD ya 256, jumla laki na 35, nimeshalipia.

P620 nimeipata moja kwa laki na 90, muuzaji amekubali nije na mashine yangu tujaribishe palepale. Ila naona haina HDMI, ina vitundu vinne vidogo sijawahi kuviona, na monita yangu ni VGA tupu. Hapo inakuwaje?

fundi_wa_Msamvu

Hivyo vidogo ni mini DisplayPort. Nunua adapta ya mini DisplayPort kwenda VGA, zipo na sio ghali, ila muulize muuzaji kama kadi inakuja nayo, wengine wanazo droo nzima. Hata ungechukua 1030 ungehitaji adapta tu maana nayo VGA haina.

Kingine, angalia kile kibati cha nyuma ya kadi. P620 inakuja na viwili, kirefu cha mnara na kifupi cha kasha kama lako, na zile used mara nyingi zimefungwa kirefu na kifupi kimepotea huko zilikotoka. Ukikuta kirefu kasha halifungi. Akiwa hana kifupi mwambie ashushe bei.

gia_ya_kumi

Nimempigia sasa hivi. Ana kirefu tu. Ameshusha mpaka laki na 65, kesho asubuhi naenda na mashine kwenye bodaboda.