Ukingo wa milimita 1 baada ya kutolewa uvimbe wa titi: arudi tena chumba cha upasuaji?

Mwanaisha_K: Wakuu, naomba ushauri. Dada katolewa uvimbe, titi limebakishwa. Majibu ya patholojia (maabara): saratani vamizi, yaani iliyopenya nyama ya jirani, sentimita 1.8, hakuna wino kwenye saratani, ukingo (nyama safi kati ya saratani na mahali palipokatwa) wa karibu zaidi milimita 1 upande wa ndani. Daktari mmoja anasema aende mionzi, mwingine anataka akatwe tena mpaka ukingo ufike sentimita 1.

Kisu_Makini: Pole kwa mgonjwa. Hapo neno zito ni wino. Nyama iliyotolewa hupakwa wino nje pande zote, ndipo hukatwa vipande vya kutazamwa kwa darubini. Seli za saratani zikiugusa wino, hatari ya ugonjwa kurudi kwenye titi hilo ni mara mbili au zaidi. Zisipougusa, inatosha: ndivyo ulivyo mwongozo wa Marekani wa 2014 kwa saratani vamizi ya hatua ya 1 na 2, mgonjwa akipigwa mionzi titi zima. Kupanua zaidi hakupunguzi hatari hiyo, kunamaliza titi bure.

Bi_Darubini: Kweli, ila kama ingekuwa saratani ambayo bado haijatoka nje ya mirija ya maziwa, kipimo cha ukingo ni milimita 2. Zikichanganyika hufuatwa kanuni ya vamizi. Je, alianza na kemo? Mwongozo huo haukuwahusu waliotanguliza kemo.

Mwanaisha_K: Hapana, upasuaji ulitangulia. Ya mirija ipo kidogo.

Bi_Darubini: Basi muulizeni daktari wa pili sababu yake. Ya mirija ingekuwa imetapakaa na kingo kadhaa ziko karibu, hasa kwa mgonjwa kijana, angekuwa na hoja. Ulizeni pia kama nyama ilifungwa nyuzi za kuonyesha pande. Wengi hutumia fupi kwa juu, ndefu kwa ubavuni. Bila hizo, "upande wa ndani" ni kubahatisha. Nyama laini ya titi hulala bapa mezani, kipimo kikapungua. Wino nao hupenya kwenye nyufa, ukingo safi ukasomeka mchafu. Na nyama iingie fomalini (dawa ya kuihifadhi) ndani ya saa 1, ikae saa 6 hadi 72, la sivyo majibu ya vipimo vya homoni na HER2 (protini inayochochea saratani kukua) hayaaminiki.

Kisu_Makini: Mionzi isirukwe jamani, hesabu yote ya wino imesimama juu yake. Ulizeni kama viliachwa vibanio vidogo vya chuma pale uvimbe ulipotoka, maana ndivyo humwonyesha daktari wa mionzi pa kuongeza dozi.